Jinsi ya Kulinganisha Rekodi za Konseto Moja ya Piano: Mwongozo Kamili kwa Konseto ya Pili ya Rachmaninoff

Ukimpa mtu rekodi mbili za konseto ileile (utunzi wa ala moja, hapa piano, ikiwa na okestra) na kumuuliza zinatofautianaje, mara nyingi utapata jibu moja kati ya mawili: "Naona zote sawa," au "Hii ya pili ina nguvu zaidi." Jibu la kwanza huja kwa sababu alisikiliza rekodi ya kwanza mwanzo hadi mwisho, dakika 30 na kitu, kisha akaanza ya pili. Kufikia hapo sikio limeshasahau mambo madogo, na tofauti zenyewe zimo humo humo. Jibu la pili huja kwa sababu rekodi ya pili ilikuwa na sauti ya juu kidogo, basi.

Makosa yote mawili yanarekebishika bila vifaa vya gharama. Hapa tunatumia Konseto Na. 2 ya mtunzi Mrusi Sergei Rachmaninoff, katika C ndogo (kwa Kiingereza C minor), kwa sababu ina rekodi nyingi na sehemu zake ni rahisi kuzitambua hata kwa asiyesoma noti. Utaratibu huu unafaa konseto yoyote ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20.

## Vitu vya kuandaa

Rekodi tatu. Mbili zinatosha kulinganisha, lakini ya tatu inakuzuia kugeuza zoezi kuwa mechi ya fainali. Anza na hizi:

- Rachmaninoff mwenyewe akiwa na Philadelphia Orchestra chini ya Leopold Stokowski, 1929. Karibu dakika 31.
- Sviatoslav Richter na okestra ya Warsaw Philharmonic chini ya Stanisław Wisłocki, 1959. Karibu dakika 35.
- Krystian Zimerman na Boston Symphony Orchestra chini ya Seiji Ozawa, iliyorekodiwa mwaka 2000.

Bando. Rekodi tatu ni takriban dakika 100. Kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde zitakula MB 120 hivi. Kwa kilobiti 320, MB 240. Zipakue mapema kwenye Wi-Fi. Ukisikiliza moja kwa moja mtandao ukiyumba, programu nyingi hushusha ubora kimyakimya, nawe utamlaumu mpiga piano kwa kosa la mnara wa simu.

Hedifoni. Za waya za kawaida zinatosha. Spika ya simu haifai kabisa, kwa kuwa haitoi noti za chini, na konseto hii inaanzia huko chini.

Chumba kimya. Zima feni. Mvua ikipiga bati, ahirisha. Sehemu ya pili ya konseto ina dakika nzima za sauti ndogo sana, na kelele yoyote itakulazimisha uongeze sauti na kuharibu hatua ya 3.

Daftari na saa ya kuhesabu sekunde. Saa ya simu inatosha.

Noti zilizochapishwa, ukiweza kuzisoma. Zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Chukua toleo la piano mbili, ambalo kazi ya okestra imeandikwa kwa piano ya pili, badala ya lile la okestra nzima. Ni rahisi kulifuata kwenye skrini ndogo.

## Hatua ya 1: Hakikisha unayo rekodi yenyewe

Usitafute kwa jina la mpiga piano peke yake. Richter alirekodi konseto hii zaidi ya mara moja, na mwaka huohuo wa 1959 ipo nyingine aliyoifanya Leningrad na Kurt Sanderling. Vladimir Ashkenazy ana moja na Kirill Kondrashin, nyingine na André Previn, nyingine na Bernard Haitink. Ni mtu yuleyule, na upigaji ni tofauti.

Unahitaji vitu vinne: mpiga piano, mwongoza okestra, okestra na mwaka wa *kurekodiwa*. Mwaka unaoonekana kwenye programu ya muziki mara nyingi ni wa kutolewa upya, kwa hiyo rekodi ya 1929 inaweza kuandikwa kuwa ya miaka ya 2000. Fungua maelezo ya albamu nzima. Rekodi ya Richter ya Warsaw, kwa mfano, mara nyingi imeunganishwa na konseto ya Tchaikovsky aliyopiga na Herbert von Karajan mwaka 1962. Watu huona jina la Karajan juu ya albamu na kudhani ndiye aliyeongoza yote.

Kisha andika muda wa kila sehemu. Muda ni alama nzuri ya utambulisho. Rekodi mbili zenye majina tofauti zikilingana hadi sekunde katika sehemu zote tatu, shuku. Mwaka 2007 ilibainika kwamba rekodi nyingi zilizouzwa kwa jina la mpiga piano Mwingereza Joyce Hatto zilikuwa za wapiga piano wengine, na kulinganisha muda na mawimbi ya sauti ndiko kulikothibitisha udanganyifu huo.

Umefaulu ikiwa: una mistari mitatu daftarini, kila mmoja na vitu vinne na muda wa sehemu tatu.

## Hatua ya 2: Safisha mipangilio ya simu

Zima ekwalaiza. Zima "bass boost" na sauti ya kuzunguka, maana hizo hukuza noti za chini za piano na kuzificha selo. Zima pia kile kipengele kinachochanganya mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata.

Kuhusu kipengele cha kusawazisha sauti kati ya nyimbo: kiache kimewashwa, lakini jua mipaka yake. Kinapima wastani wa wimbo mzima, au albamu nzima, na kuusogeza juu au chini. Hakijui kwamba unataka kulinganisha sekunde 30 za katikati. Bado utahitaji hatua inayofuata.

## Hatua ya 3: Sawazisha sauti kwa sikio

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayoharibu mengi. Sikio la binadamu huchukulia sauti iliyo juu kidogo kuwa bora: yenye joto, yenye undani, yenye nguvu. Tofauti ya desibeli moja haitambuliki kama "kelele zaidi", ila inatosha kukufanya uipende zaidi.

Chagua kipande cha kupimia. Usitumie mwanzo wa konseto, kwa sababu unaanzia kwenye sauti ndogo sana na kupanda hadi kubwa, na kila mpiga piano hupanda kwa namna yake. Tumia sekunde 20 za kwanza tangu okestra inapoingia na wimbo mkuu, fidla na klarineti zikiimba pamoja huku piano ikitiririka chini yake. Hapo sauti imetulia.

Piga kipande hicho katika rekodi ya kwanza, weka sauti unayoipenda, kisha piga kilekile katika ya pili. Kama una kompyuta na faili zako mwenyewe, kutoka CD au ulizonunua, zifungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na usogeze sauti kwa nusu desibeli hadi zilingane. Faili zilizopakuliwa ndani ya programu za kukodi muziki zimefungwa, hazitafunguka humo.

Kwa simu kuna tatizo: simu nyingi za Android zina hatua 15 tu za sauti, na hatua moja ni kubwa mno kwa kazi hii. Kwa hiyo fanya hivi. Sikiliza mara mbili. Mara ya kwanza rekodi A iwe juu kwa hatua moja, mara ya pili rekodi B iwe juu kwa hatua moja. Kama chaguo lako linageuka kila unapobadilisha, bado hujasikia tofauti ya upigaji, umesikia tofauti ya sauti. Kama chaguo linabaki palepale, unaweza kuliamini.

Onyo: rekodi ya 1929 haina stirio na masafa yake ni finyu. Ukijaribu kuifanya "ijae" kama ya mwaka 2000 utaipandisha kupita kiasi hadi masikio yaume. Linganisha sauti ya fidla na fidla, usiangalie jumla.

## Hatua ya 4: Sikiliza kwa vipande, si kwa mkupuo

Chukua vipande vitano, kila kimoja cha sekunde 30 hadi 60. Piga kipande kimoja katika rekodi zote tatu kabla ya kwenda kinachofuata. Andika neno moja au mawili tu kila mara.

### Kipande A: kodi nane za mwanzo

Piano iko peke yake. Inapiga kodi nane, noti nyingi kwa mpigo mmoja, na kati ya kodi na kodi inagonga F ya chini kabisa. Inaanza kwa sauti ndogo sana na kukua hadi okestra inapoingia.

Sikiliza mambo matatu. Kwanza, je, noti za kodi zinashuka pamoja au zinamwagika moja baada ya nyingine? Mkono wa kushoto unatakiwa kutanuka kupita oktava, na mikono mingi haifiki, hivyo wengi huzivunja kuanzia chini. Si kosa, lakini inabadilisha uzito wa mwanzo mzima. Pili, ukuaji wa sauti: ni ngazi nane zinazolingana, au mpiga piano anabaki chini kwa muda mrefu kisha anaruka mwishoni? Tatu, ile F ya chini: inasikika kama mwangwi wa kodi, au kama pigo la pili lenye nguvu sawa?

Richter anaanza polepole kupita wengi, na anakuza sauti bila haraka yoyote hadi unahisi okestra haina budi kuingia. Ukitoka kwake kwenda moja kwa moja kwa Rachmaninoff, mtunzi ataonekana kama ana haraka. Kwa hiyo rudia kwa mpangilio wa kinyume, Rachmaninoff kwanza, kabla ya kuandika chochote.

### Kipande B: kilele cha sehemu ya kwanza

Kati ya dakika ya 5 na nusu na ya 7 hivi, kutegemea rekodi, wimbo mkuu unarudi kwenye fidla kwa nguvu zote, na piano inapiga mwendo wa gwaride juu yake kwa kodi nzito. Swali ni moja: unasikia vyote viwili? Katika rekodi nyingi piano inaufunika wimbo, au okestra inaimeza piano. Andika nani anashinda. Kama hakuna anayeshinda na vyote viwili viko wazi, hiyo ni sifa kubwa, na wa kushukuriwa ni mwongoza okestra na fundi wa kurekodi pamoja na mpiga piano.

### Kipande C: horni peke yake

Muda mfupi baadaye, wimbo wa pili, ule mtamu ambao mwanzoni ulipigwa na piano, unarudi kwenye horni moja. Angalia kama mpiga horni anavuta pumzi katikati ya sentensi.

### Kipande D: mwanzo wa sehemu ya pili

Hapa ndipo pa kutumia muda. Fidla zilizofunikwa sauti zinapiga mipigo michache, zikihama kutoka C ndogo kwenda E kubwa (E major). Piano inaingia na noti zinazozunguka taratibu. Kisha filimbi inaleta wimbo, halafu klarineti inaupokea.

Noti za piano zimeandikwa kwa mafungu ya tatutatu, ila umbo lake linajirudia kila baada ya noti nne. Usipokuwa makini sikio lako litahesabu mapigo matatu kwa kila kipimo. Filimbi inapoingia na hesabu yake ya nne, utahisi sakafu imesogea kidogo. Rachmaninoff alikusudia hivyo.

Wapiga piano hulishughulikia jambo hili kwa njia mbili. Wengine huacha umbo la nne litawale, na kuingia kwa filimbi kunashtua. Wengine husisitiza kidogo mapigo ya kweli tangu mwanzo, na filimbi inakuta njia imeshasafishwa. Gonga kidole mezani ukifuata unachokisikia, si unachokijua. Kidole kikikwama filimbi inapoingia, mpiga piano ni wa kundi la kwanza.

Kisha sikiliza piano *baada* ya klarineti kuingia. Sasa piano inasindikiza. Je, imeshuka chini ya klarineti? Mpiga piano anayeendelea kung'aa hapa anamnyang'anya mwenzake zamu yake.

### Kipande E: wimbo mkubwa wa sehemu ya tatu

Unaanza kwa oboe na viola, kisha piano inaurudia peke yake. Linganisha hizo mbili ndani ya rekodi moja: piano imeupokea kwa mwendo uleule, au imeubadilisha? Ruka kisha hadi dakika mbili za mwisho, wimbo huohuo unaporudi kwa okestra nzima, uone kama wamebakiza nguvu au walishazimaliza kabla ya kufika.

Umefaulu ikiwa: una jedwali la mistari mitano na safu tatu, na angalau maneno sita ndani yake ni tofauti kati ya rekodi na rekodi. Kama kila mahali umeandika "nzuri", rudia kipande A na D pekee.

## Hatua ya 5: Pima mwendo, usiukisie

Noti za Rachmaninoff zinaagiza sehemu ya kwanza iende kwa mapigo 66 ya nusu noti kwa dakika (nusu noti ni noti yenye urefu wa robo noti mbili). Anza kuhesabu okestra inapoingia na wimbo mkuu, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Fanya hivyo mahali pawili: mwanzo wa wimbo mkuu, na mwanzo wa wimbo wa pili kwenye piano.

Tofauti ya namba hizo mbili ina maana kuliko namba yenyewe. Inakuonyesha ni kiasi gani mpiga piano anapunguza mwendo panapokuja utamu. Ukiwalinganisha wapiga piano wengi wa baadaye na Rachmaninoff mwenyewe utaona ni wao wanaosimama kwenye kila kona; mtunzi hupita akiwa bado anatembea.

Onyo: usitumie muda wa jumla kama kipimo cha mwendo. Muda huo unaweza kuwa na makofi, ukimya mwishoni, au, katika konseto nyingine, kurasa zilizokatwa.

## Hatua ya 6: Tenganisha mikono na maikrofoni

Kabla ya kumsifu au kumlaumu mtu, jiulize kama ulichosikia ni vidole au ni mitambo.

*Piano ni kubwa kuliko okestra nzima.* Maikrofoni ilikuwa karibu na piano. Katika ukumbi hakuna mpiga piano anayeweza kuwafunika watu 80 wakipiga kwa nguvu.

*Piano inasikika kama imefunikwa blanketi, rekodi ni ya zamani, na haina mchakacho wowote.* Aliyehamisha rekodi amechuja kelele kupita kiasi, na pamoja na kelele ameondoa ncha za noti. Tafuta uhamisho mwingine wa rekodi ileile wenye mchakacho zaidi. Baada ya dakika mbili sikio litauzoea mchakacho, lakini ncha zilizoondolewa hazirudi.

*Noti za rekodi ya 1929 zinasikika juu au chini kidogo kuliko zinavyotakiwa.* Santuri ilizungushwa kwa kasi isiyo sahihi wakati wa kuhamisha. Pima noti ndefu kwa programu ya kukaza gitaa. Ikiwa imehama karibu nusu toni (umbali wa noti moja hadi ya jirani yake kwenye piano), mwendo nao umeongezeka au kupungua kwa takriban asilimia 6, na vipimo vyako vya hatua ya 5 havifai.

*Mwendo unapungua ghafla kila baada ya dakika nne hivi.* Huo ni mwisho wa upande wa santuri. Wapigaji walilazimika kusimama hapo na kuendelea upande wa pili.

## Hatua ya 7: Sikiliza nzima, kisha andika

Sasa, na si kabla, sikiliza rekodi moja nzima bila kalamu. Siku nyingine, ya pili. Masikio yaliyochoka hupenda chochote kilicho polepole.

Andika sentensi tatu kwa kila rekodi: moja kuhusu mpiga piano, moja kuhusu okestra, moja kuhusu ubora wa kurekodi. Kila sentensi itaje mahali. "Richter ana hisia" haisemi kitu. "Richter anashikilia kodi nane za mwanzo bila kuharakisha hata moja" ni hukumu ambayo mwingine anaweza kwenda kuihakiki.

## Ukihamia konseto nyingine

Badilisha vipande, utaratibu ubaki. Lakini angalia kwanza kama rekodi zako zina noti zilezile.

Katika Konseto Na. 3 ya Rachmaninoff kuna mitego miwili. Mtunzi mwenyewe, katika rekodi yake ya 1939 na 1940 na Eugene Ormandy, alikata baadhi ya kurasa, na Vladimir Horowitz naye alikata. Ufupi wa rekodi zao basi hautokani na kasi peke yake. Pia sehemu ya kwanza ina kadenza (kipande ambacho piano hupiga peke yake) mbili za kuchagua: nyepesi inayokimbia, na nzito ya kodi. Van Cliburn katika tamasha la Carnegie Hall la 1958 alipiga nzito. Martha Argerich mjini Berlin mwaka 1982 alipiga nyepesi. Hizo haziwezi kulinganishwa kipande kwa kipande. Ruka kadenza, linganisha kinachofuata.

Katika Konseto Na. 1 ya Tchaikovsky zile kodi maarufu za mwanzo zinatokana na toleo la mwisho. Kirill Gerstein alirekodi toleo la 1879, ambalo kodi hizo zimevunjwa na ni laini. Ukilisikia bila kujua utadhani mpiga piano ameogopa.

Katika Konseto Na. 1 ya Chopin rekodi nyingi za zamani hupunguza utangulizi mrefu wa okestra. Pima sekunde kabla piano haijaingia: kama ni chini ya dakika tatu, kuna kurasa zimeachwa, na muda wa sehemu hiyo usiuweke kwenye jedwali lako.